Muulize Mama Fundi: Unga mweupe kwenye bolti zinazong'aa

Mwezi huu barua nne zimekuja na jambo moja, stenlesi kwenye magari ya porini. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye gari alikuwa anakaribia kufanya kitu cha hatari bila kujua.

Swali: Shikamoo Mama Fundi. Nina Land Rover Defender 110 pikapu, nabebea samaki na barafu kutoka Pangani kwenda Tanga mjini. Maji yakitoka nashuka nayo mchangani hadi kwenye ngalawa. Miaka miwili iliyopita nilichoshwa na kutu, nikabadilisha bolti zote za bodi nikaweka za stenlesi: madigadi, sakafu ya nyuma, bawaba za mlango. Bolti zinang'aa mpaka leo. Lakini pembeni yake rangi imevimba, ukiikwangua kuna unga mweupe, na kwenye sakafu matundu mawili yamepanuka hadi washa, kile kisahani cha bolti, inapita. Fundi wangu anasema nimeuziwa stenlesi feki. Nilishanunua na fimbo ya stenlesi nikunje yubolti, zile bolti za umbo la U, za springi za nyuma, sasa nimesita. Nirudishe vyote dukani?
*Mchukuzi wa samaki, Pangani*

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kusita. Hiyo fimbo usiiguse mpaka umalize kusoma.

Bolti zako si feki. Zingekuwa feki zingeliwa zenyewe. Kinacholiwa ni bati, na bati la Land Rover yako si chuma, ni alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Waingereza walianza nayo mwaka 1948 kwa kuwa baada ya vita chuma kwao kilikuwa cha mgao. Bodi ni alumini, chesisi iliyo chini yake ni chuma cha kawaida, na wewe sasa umeongeza metali ya tatu. Halafu kila siku unaimwagia gari hiyo maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi ya samaki.

Unakumbuka zile betri za tochi za zamani, zilizokuwa zikisahauliwa ndani zinatoboka na kuvuja? Kikopo chake ni zinki, katikati mna kijiti cha kaboni, na baina yao dawa yenye unyevu. Tochi ikiwaka, zinki inaliwa na kaboni inabaki nzima. Gari lako limekuwa betri ya namna hiyo. Stenlesi ndiyo kijiti, alumini ndiyo kikopo, na maji ya chumvi ndiyo dawa. Kwa hiyo bolti itang'aa miaka na miaka huku bati linaisha pembeni yake. Ukitoa kimoja kati ya hivyo vitatu, betri inazimika. Bati huwezi kulitoa, na chumvi utaipunguza tu. Kilichobaki ni kuzuia visigusane.

Juzi nimefungua bolti kama zako kwenye pikapu ya jirani. Spana namba 10, ikazunguka bila shida yoyote, kichwa safi, maandishi A2-70, alama ya aina na nguvu ya stenlesi, yanasomeka. Washa ndiyo iliyogoma. Nikaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, ikabanduka na gamba, na unga ukanimwagikia kiganjani, mwepesi, mweupe, ungesema ni wa muhogo. Chini yake tundu lilikuwa na kingo zilizomeguka kama chapati iliyotafunwa na panya. Washa ilikuwa imelificha lote. Ndiyo maana nakuomba usihesabu yale matundu mawili uliyoyaona tu. Fungua bolti zote za sakafu, hasa za pembe ambako maji yanatuama.

Ukishafungua, toa unga wote kwa brashi ngumu ya plastiki, usitumie ya waya wa chuma maana vipande vyake vinabaki kwenye alumini na kuanza ugomvi mwingine. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke kabisa. Paka praima inayokubali alumini, kisha rangi, na ndani ya tundu pia. Tundu lililoliwa liwekee kiraka cha bati la alumini kwa ribiti za alumini. Usiweke kiraka cha stenlesi! Ribiti ndogo ya alumini ikiwa peke yake katikati ya bamba kubwa la stenlesi inamalizwa haraka kuliko hilo bati lako lilivyoliwa.

Sasa kurudisha bolti. Toboa tundu liwe kubwa kidogo, vika shingo ya bolti kipande cha mrija mwembamba wa plastiki, weka washa ya nailoni juu na chini, bolti isiguse bati popote. Juu ya nailoni ndipo uweke washa pana ya stenlesi isambaze mkandamizo. Ziba na silanti. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifunga vyuma vya boti za alumini pale Tanga kwa namna hii hii, na nilichokuwa nikifanya mimi mtoto ni kukata hiyo mirija kwa wembe. Grisi ya shaba ambayo mafundi wanaipenda usiipeleke kwenye alumini, shaba nayo inaila. Tumia grisi ya boti.

Jambo moja linasahaulika: taa za nyuma na vifaa vingine vilivyokuwa vinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia bolti, ukiweka nailoni vinaikosa. Vuta waya wa ethi mpaka kwenye chesisi kabla hujaanza kulaumu balbu.

Na kila ukitoka mchangani, mpira wa maji. Usioshe juu peke yake, ingiza mpira kwenye matundu ya chesisi, usukume mchanga utoke. Stenlesi yenyewe inaishi kwa ngozi nyembamba mno inayoota juu yake kutokana na kromiamu iliyomo, ambayo ni kuanzia asilimia 10.5. Ikichubuka inaota tena, mradi ipate hewa. Ukiifunika na tope la mikoko lenye chumvi, hewa haifiki, na hapo hata stenlesi nzuri inatoboka vishimo vidogo. Bolti zilizoandikwa A4 zimeongezwa molibdenamu kidogo na zinastahimili chumvi kuliko A2. Kwa kazi yako ningenunua A4, lakini zile ulizonazo usizitupe.

Sasa fimbo. Irudishe dukani leo. Wakikataa kuipokea, itengenezee reli ya kufungia kamba.

Watu wengi wanaona stenlesi ni ghali na inang'aa wakadhani ni chuma chenye nguvu zaidi. Bolti nzuri ya chuma iliyoandikwa 8.8 haianzi kuvutika mpaka uifikishe karibu neutoni 640 kwa kila milimita ya mraba. Bolti ya stenlesi A2-70 inaanza kwenye 450. Na fimbo laini ya stenlesi ya kawaida, kama hiyo uliyonunua, inaanza kwenye 210 hivi, yaani theluthi moja tu ya 8.8. Yubolti haikai pale kama pambo. Kazi yake ni kubana ekseli na springi visitengane, na ili ibane lazima ivutwe kwa nguvu na ibaki imevutwa hivyo hivyo. Ikilegea kidogo, ekseli inaanza kutembea.

Nina yubolti moja naiweka kwenye rafu juu ya meza ya kazi. Ilitoka kwenye gari lililoletwa kwangu kwa kuvutwa. Gereji moja ilikuwa imemkunjia mwenyewe yubolti nne za stenlesi, nzuri kwa macho, zimepigwa polishi. Akaniambia kila Ijumaa alikuwa anazikaza na kila Ijumaa nyingine anazikuta zimelegea, akafikiri nati ndizo mbovu. Nati hazikuwa na kosa, fimbo ndiyo iliyokuwa ikirefuka. Siku anashuka mlima na wanawe wawili, senta bolti, ile ya katikati ya springi, ikakatika, ekseli ya nyuma ikarudi upande mmoja, gari likageukia korongoni na kuzuiwa na mti. Walitoka wazima. Ukichukua nati mpya na kuiweka kwenye hiyo yubolti inaingia kwa vidole mizunguko mitatu, halafu inakwama, kwa sababu nyuzi zimevutika na hazilingani tena na za nati. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namfanya aizungushe hiyo nati mpaka ikwame mkononi mwake.

Kwa hiyo yubolti, bolti za springi na shokamzoba, za usukani, za kushikia kalipa za breki, stadi za magurudumu, ndoano ya kuvutia gari: weka chuma kilichoandikwa daraja lile lile alilotoa mtengenezaji. Kutu yake ipigane nayo kwa rangi na grisi, na ukiona imekula nyuzi, nunua mpya. Mwanangu, unapita barabara hiyo alfajiri na watu wamekaa juu ya mzigo.

Swali: Mama Fundi, nilikuwa nafunga nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi ya kishikio cha tairi la akiba, kwa mashine ya umeme. Ilipofika katikati ikakwama, hairudi wala haiendi, mwishowe bolti ikakatika. Zote mpya. Kosa langu ni nini?
*Kijana wa gereji, Bagamoyo*

Jibu: Kosa ni mashine na ukavu. Stenlesi juu ya stenlesi ikisuguana kwa kasi inapata joto, ile ngozi yake inachubuka, na nyuzi zinagandana kama zimechomelewa. Zifunge kwa mkono na spana, polepole, kwanza paka grisi ya kuzuia kugandana. Hapo ni stenlesi kwa stenlesi, kwa hiyo ya shaba inafaa, ya nikeli ni bora zaidi. Ukihisi inaanza kuwa nzito kabla haijafika, simama, rudisha nyuma, safisha, paka tena. Usiilazimishe. Ikishaganda kabisa, ikate tu.

Swali: Shikamoo Mama. Nimenunua bomba la egzosi nikaambiwa ni stenlesi, lakini sumaku inalishika. Nimedhulumiwa? Na fundi anaweza kulichomelea kwenye bomba la zamani la chuma cha kawaida?
*Mwenye Land Cruiser, Same*

Jibu: Marahaba. Huenda hujadhulumiwa. Sumaku haitoshi kukata kesi. Stenlesi ya masufuria mazuri na ya reli za ngazi, inayoitwa 304, kwa kawaida haishikwi na sumaku, ingawa ikishakunjwa sana inaanza kushikwa kidogo. Lakini mabomba mengi ya egzosi yanatengenezwa kwa stenlesi aina ya 409, ambayo ina kromiamu karibu asilimia 11, haina nikeli ya maana, na sumaku inaikamata vizuri kabisa. Hiyo 409 itashika wekundu wa kutu juu juu. Usishtuke, haitobolewi upesi kama bati la kawaida.

Kuchomelea inawezekana. Mwambie fundi atumie stiki za 309L, ndizo za kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida. Akitumia za kawaida, kiungo kitapasuka au kuota kutu mapema. Jiwe la grainda lililokwisha kusaga chuma cha kawaida asilitumie kwenye stenlesi, linaacha punje za chuma zinazoota kutu madoa madoa. Na afanyie kazi nje, upepo ukipita. Moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu ya aina inayodhuru mapafu na inayoweza kuleta saratani. Kitambaa puani hakizuii kitu. Hilo namsemea fundi wako, najua wewe hutakuwa umeinama pale.

Ukifunga, acha vining'inizo vya mpira na kile kipande cha bomba kinachonyumbuka vibaki. Stenlesi aina ya 304 ikipata moto inarefuka kuliko chuma cha kawaida, na bomba lililobanwa kila upande linapasuka kwenye shingo ya flenji.

Swali: Nimeinua gari langu kwa springi ndefu. Nimeshauriwa niweke hosi za breki zilizosukwa kwa nyaya za stenlesi. Ni salama?
*Dereva wa watalii, Karatu*

Jibu: Zikitoka kwa mtengenezaji anayeeleweka na zikiwa na urefu unaolingana na springi zako, ndiyo. Ila ujue kinachobeba mafuta ni mrija wa plastiki ulio ndani. Nyaya ni koti la kuuzuia usivimbe. Koti hilo ni kali kama tupa. Likigusa tairi, waya wa sensa au hosi nyingine, litakisaga mpaka kitoboke, na mchanga ukiingia kati ya nyaya unausaga mrija wenyewe bila wewe kuona. Nunua zenye ngozi ya plastiki juu ya nyaya.

Kabla hujaondoka gereji, inua gari kwa chesisi mpaka magurudumu yaning'inie kabisa, kisha mtu azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, na wewe ukiwa pembeni na tochi. Hosi isivutike, isijipinde, isiguse kitu. Iking'ang'ania mahali popote, haijakutosha. Rudi tena uiangalie baada ya safari ya kwanza ya kreta.