Mtandao umekatika: upi huo?

Msomaji wa Wete, Pemba, anayejifunza ufundi wa kompyuta, ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Kwenye ripoti ya kazi niliandika 'mtandao umekata'. Mkubwa wangu akafuta, akaandika 'mtandao umekatika'. Nani yuko sahihi? Na lile kasha la chini ya meza, ni sawa kuliita sipiyu?"

Marahaba, mwanangu. Kwa sarufi, mkubwa wako ameshinda. Kukata kunataka kitu cha kukatwa: kisu kinakata nyama, fundi anakata waya. Umeme unakatika, maji yanakatika, na mtandao nao unakatika.

Lakini nyote wawili mmeniachia donge moyoni, kwani sentensi yenu hata ikisahihishwa haimwambii mtu kitu. Mtandao upi? Neno lenyewe ni zuri. Limezaliwa na kutanda na kutandaa, na linafaa kabisa kwa vyombo vilivyounganishwa vikawa vinapashana habari. Ila tumelitwisha kila mzigo. Bando likiisha, mtandao hakuna. Waifai ikififia, mtandao hakuna. Programu ya ofisi ikigoma, mtandao hakuna!

Nilikwenda ofisi moja hapa mjini Unguja kuchukua karatasi yangu. Imeshaandikwa, naiona kwenye skrini ya karani. Ananiambia nirudi kesho, haichapiki, mtandao hakuna. Na printa iko ubavuni mwake! Waya wa kompyuta na waya wa printa zimechomekwa kwenye swichi moja, kile kisanduku chenye matundu ya kuunganishia vyombo, vitaa vya kijani vinapepesa. Swichi haiendi Ulaya kuomba ruhusa ya kuchapisha. Inapokea data kwenye tundu hili na kuitoa kwenye tundu lile, humo humo chumbani, hata intaneti ya dunia nzima ikizimika. Kilichokatika ni njia ya nje, ile inayopita kwenye ruta, chombo kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti. Mtandao wa ndani ulikuwa mzima. Hata zile anwani zake, yaani namba za kuvitambulisha vyombo, zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani tu. Karani yule si mvivu wala si mjinga. Amefundishwa neno moja kwa vitu viwili, basi kimoja kikifa, kwake vimekufa vyote, na mwananchi anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Hilo ndilo linalonikasirisha.

Nasi ni watu wa visiwani! Mvuvi wa Pemba haiti dema, jarife, juya na mshipi kwa jina moja eti kwa kuwa vyote vinavua samaki. Kikiharibika kimoja anakitaja, na anayekwenda kumsaidia anajua achukue uzi au achukue fito.

Sasa shika haya. Mtandao ni vyombo vilivyounganishwa, hata vikiwa viwili ndani ya chumba kimoja. Intaneti ni ule mtandao mkubwa unaounganisha mitandao ya dunia kwa kanuni za pamoja, zile ambazo ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ilihamia tarehe 1 Januari 1983. Waifai ni njia tu ya kuunganisha kwa mawimbi ya redio badala ya waya. Vijistari vyake vinaweza kujaa vyote na intaneti isiwepo. Ripoti yako iandike hivi: "Intaneti imekatika, mtandao wa ndani unafanya kazi." Mkubwa wako atajua aanzie kwenye ruta na asihangaike na printa.

Wanaouliza "una laini ya mtandao gani?" wakikusudia kampuni ya simu, nimechoka kupigana nao. Limeshaenea, na anayeulizwa anaelewa. Vivyo hivyo swichi ya data kushiriki jina na swichi ya taa: hakuna atakayezichanganya.

Ama kasha, liite kasha la kompyuta. Sipiyu ni kichakataji, kijipande kinachotekeleza amri za kompyuta, kilichobanwa kwenye ubao mkuu ndani ya kasha hilo. Kichakataji 4004 cha kampuni ya Intel, cha mwaka 1971, silikoni yake ilikuwa kiasi cha milimita 3 kwa 4. Fundi akikwambia sipiyu imeungua, muulize kwanza anakusudia kasha zima au kijipande hicho, kabla hujatoa pesa.