Kinjeketile hakuwa tapeli

Mkuu, umeuliza kama Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ni tapeli, maana maji ya dawa aliyowapa wapiganaji hayakuzuia risasi za Wajerumani. Mimi nakataa, na ushahidi umo mlemle katika mchezo. Akiwa amepandwa na Hongo, mzimu wa maji, anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka: kumng'oa Mjerumani ili utawaliwe na mwingine ni ukombozi gani? Tangu hapo anayashuku maji yenyewe na kuwaomba watu wangoje. Tapeli angewahimiza! Hawangoji, kwa kuwa imani imeshayaunganisha makabila na haimhitaji tena yeye.

Soma polepole sehemu ya gerezani. Mwenzake Kitunda anamsihi ayakane maji, yeye anakataa. Akiyakana, Mjerumani atapata la kusema: kwamba vita vyenyewe vilikuwa upuuzi, na vizazi vijavyo vitaamini kupigania ardhi yao kulikuwa kosa. Hapo ndipo ninapomheshimu kupita kiasi.

Ila usimchanganye na Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Majimaji dhidi yao vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Huyu wa kitabu cha 1969 ameumbwa na Hussein. Kwenye mtihani watenganishe mapema.