Wahamiaji wa muda Australia: mbona hesabu hazilingani?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu uhamiaji wa muda kwenda Australia na takwimu zimenivuruga kichwa. Mahali pamoja nasoma kuwa wenye viza za muda nchini humo ni zaidi ya milioni 2. Pengine naambiwa uhamiaji halisi wa 2023–24 ulikuwa 446,000. Ule wa 2022–23 nimeukuta umeandikwa 518,000 katika taarifa moja na 536,000 katika nyingine. Nimwamini nani? Na je, kushuka huko kumetokana na serikali kubana viza?

JIBU: Ndugu, waamini wote, ila ujue kila mmoja anahesabu kitu chake. Milioni 2 na ushei ni watu waliokutwa ndani ya nchi siku fulani, awe aliyeingia jana au aliyeingia miaka 10 iliyopita. Ile 446,000 ni tofauti ya walioingia na waliotoka ndani ya mwaka mmoja. Ukizipanga katika safu moja, msimamizi wako atakurudishia kazi, na mimi nitakuwa upande wake.

Hiyo kubwa ina watu ambao wewe pengine hukuwafikiria. Wamo raia wa New Zealand, zaidi ya laki 6, ambao karibu wote wanaishi kwa viza namba 444. Kisheria viza hiyo ni ya muda, ingawa haina tarehe ya kuisha maadamu mwenyewe yumo nchini. Mtu amenunua nyumba, amesomesha watoto hadi wakamaliza, na kwenye jedwali bado ni "wa muda". Wamo pia waliopewa viza za kusubiria wakati maombi yao mengine hayajaamuliwa. Hawa huongezeka kila foleni ya maombi inaporefuka, bila hata ndege moja kutua.

Uhamiaji halisi una kanuni yake. Tangu 2006 Ofisi ya Takwimu ya Australia (ABS) humhesabu mtu kuwa ameingia akikaa nchini jumla ya miezi 12 ndani ya kipindi cha miezi 16, hata kama hakuikaa mfululizo. Chukua mwanafunzi aliyetua Melbourne tarehe 20 Februari 2022. Desemba mosi akaenda kwao likizo, akarudi mwisho wa Januari. Kipindi chake cha miezi 16 kinaisha tarehe 20 Juni 2023, na ukitoa ile miezi miwili ya likizo amebaki na takriban miezi 14 ndani ya nchi. Amehesabiwa, tena anaandikwa kwenye robo mwaka aliyotua, siyo ile aliyotimiza masharti.

Hapo ndipo penye jibu la 518,000 na 536,000. Takwimu za 2022–23 zilipotoka mara ya kwanza, Desemba 2023, wengi wa walioingia mwaka huo walikuwa hawajamaliza miezi 16. ABS ilikadiria, kisha ikarekebisha ilipowaona kweli wamekaa. Tumia ya baadaye, na uandike tarehe ya toleo ulilotumia.

Kanuni hiyo hiyo huwaacha nje watu wengine. Mfanyakazi wa mpango wa PALM, unaowaleta watu wa visiwa vya Pasifiki na Timor-Leste, anaweza kuja kwa ajira ya msimu isiyozidi miezi 9. Akichuma matunda msimu mmoja akarudi kwao, hayumo. Kwa hiyo kama sura yako mojawapo inahusu vibarua wa mashambani, uhamiaji halisi hautakufaa.

Sasa mwelekeo wenyewe. Mipaka ilifungwa Machi 2020, na mwaka wa 2020–21 waliotoka waliwazidi walioingia kwa watu wapatao 85,000. Wanafunzi na wafanyakazi wenye ujuzi wakaruhusiwa Desemba 2021, wengine Februari 2022. Watu wengi huutazama mruko wa 2022–23 wakasema nchi ilifurika. Mimi naona wanasahau mlango wa kutokea. Shule isiyopokea kidato cha kwanza miaka miwili haina wahitimu zamu yao inapofika. Waliopaswa kuondoka 2022 na 2023 ni wale ambao 2020 na 2021 hawakuruhusiwa kuingia. Kulikuwa na viza maalumu ya janga pia, iliyowaruhusu wengi kubaki na kufanya kazi, na kuanzia Januari 2022 hadi Juni 2023 wanafunzi walifanya kazi bila kikomo cha saa. Nani angeharakisha kuondoka?

Kuhusu kushuka, fanya hesabu mwenyewe. Walioingia walikuwa 739,000 mwaka 2022–23, wakawa 667,000 mwaka uliofuata. Waliotoka walipanda kutoka takriban 203,000 hadi 221,000. Katika pungufu la 90,000, 72,000 limetokana na walioingia.

Sera ina sehemu yake, lakini angalia tarehe. Mwaka wa fedha wa Australia huisha Juni 30. Ada ya viza ya mwanafunzi ilipandishwa kutoka dola 710 hadi 1,600 za Australia tarehe 1 Julai 2024, siku moja baada ya mwaka huo kufungwa. Nimeshaona kazi zinazoitaja ada hiyo kama sababu ya 446,000, haiwezekani. Zinazoweza kutajwa ni uchujaji mkali wa maombi ya wanafunzi ulioanza baada ya mkakati wa uhamiaji wa Desemba 2023, na kiwango cha Kiingereza kilichopandishwa Machi 2024. Hata hizo ziliuathiri mwaka huo nusu yake tu. Sehemu nyingine ni wimbi la waliozuiliwa na janga ambalo lilikuwa linaishiwa nguvu lenyewe.

Kwa jedwali lako la waliopo, wape wenye viza 444 safu yao na wa viza za kusubiria safu yao, halafu uone kinachobaki kinasemaje. Na usizijumlishe humo viza za ukaazi wa kudumu zilizotolewa mwaka huo: nyingi huwaendea watu waliokwisha kuwa ndani, ambao umeshawahesabu walipotua.