Barua kwa mwanangu: Mama anafuata nini kwa Wamalta?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni na mikono imejaa unga. Umeuliza kwa upole, lakini nimekuzaa mimi, nakujua. "Mama, kila mwezi unapanda treni kwenda kukaa na wazee wa Kimalta, unasikiliza historia yao. Yetu anaandika nani?" Kisha ukacheka kidogo, ili isionekane unanisuta. Nimesutika, baba. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka miaka ile nilipokuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Alikuwapo mzee mmoja wa Kimalta, wa visiwa vile vya Malta kule Mediterania, ambaye Kiingereza kilishamtoka. Maradhi yale ya kusahau mara nyingi huanza kula lugha uliyojifunza ukubwani, ile ya mama ikabaki peke yake. Usiku mmoja nambadilishia shuka, naye anahesabu, sijui magunia, sijui ngazi: "Ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija." Nilisimama na shuka mkononi. Nikamwitikia, "Hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia." Akanikazia macho, kisha akanishika mkono. Tukaanza upya, mimi kwa changu na yeye kwa chake, hadi elfu. Na elfu kwao ni elf.

Asubuhi nikamsimulia binti yake alipokuja. Akalia, akacheka, na wiki mbili baadaye akanipeleka Parkville, hapa hapa Melbourne, kwenye chama chao cha historia.

Ni hivi: Kimalta mzizi wake ni Kiarabu, ingawa wanakiandika kwa herufi za Kirumi na kimebeba Kitaliano tele. Nao wenyewe ni Wakatoliki wa kupindukia. Padri wao ni qassis, sisi tunasema kasisi. Krismasi ni Milied, neno moja na Maulidi yetu. Kwaresima wanaiita Randan, na hiyo ni Ramadhani tu imevaa kanzu nyingine. Pasaka ni Għid, yaani Idi. Kuna ukoo mkubwa tu unaitwa Abdilla, nao ni Wakatoliki vilevile. Basi nifikirie mimi na mtandio wangu, nimekaa katikati ya mabibi wenye rozari, masikio yananicheza kila dakika tano.

Chama chenyewe kinaitwa Maltese Historical Association. Kinakutana kwenye kituo cha jamii ya Wamalta pale Royal Parade, tramu namba 19 inapita mlangoni. Mara moja kwa mwezi, jioni, mtu mmoja anatoa mhadhara, yanafuata maswali, kisha chai na maneno. Wana na jarida dogo la habari. Ukumbi haujai, na vichwa vingi ni vyeupe. Kama ulidhani nakwenda kwenye jambo kubwa la fahari, hapana. Ni viti vya plastiki, kompyuta inayogoma kuonyesha picha, na mzee nyuma anayesahihisha tarehe kwa sauti.

Na usidhani kila mhadhara unanikaa. Mahekalu ya Ġgantija, yaliyosimamishwa kule kisiwani Gozo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, hayo niliyapenda. Lakini kuzingirwa na Waturuki mwaka 1565, na jinsi Wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, wale Wakatoliki waliokuwa wakiitawala Malta, walivyowashinda, nimesikia sasa mara tatu, na mara ya tatu nilisinzia. Wanakipenda mno kisa hicho. Jioni moja nikanyanyua mkono nikauliza: na wale watumwa wa Kiislamu waliokuwa Valletta, mji wenu mkuu, wakati wa hao wapiganaji, wao mhadhara wao lini? Ukumbi ulinyamaza. Mzungumzaji, Mungu amjalie, hakukwepa. Akaeleza namna pande zote mbili zilivyokuwa zikitekana baharini, akaeleza njama ya watumwa ya mwaka 1749 na adhabu za kikatili zilizofuata. Nikarudi kwenye treni nimejiona shujaa, mpaka nilipofika kituo cha Sunshine nikakumbuka Pangani. Nyumba walimowekwa watumwa iko pale, kila mtu anaijua, na bibi yako mpaka anaingia kaburini hakutaka nimuulize mama mzaa mama yake alitokea sehemu gani ya bara na kwa njia gani. "Hayo yaache," alikuwa akisema, huku anachambua mchele.

Sasa nikwambie kisa kilichonibakiza pale. Nchi yao ni ndogo, baba. Malta yote na visiwa vyake ni kilomita za mraba 316. Pemba inaimeza mara tatu. Watu wakawa wengi kuliko ardhi na kazi, na kazi nyingine ilitegemea gati za jeshi la majini la Mwingereza, zikifungwa ni njaa. Mwaka 1916, katikati ya vita, wanaume 214 wakapanda meli ya Kifaransa iitwayo Gange kuja huku Australia. Walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, hati zao safi. Ila walikuja wakati mbaya. Waziri mkuu wa huku, Billy Hughes, alikuwa anataka kura ya maoni imruhusu kuwapeleka vijana vitani kwa lazima, kura ya tarehe 28 Oktoba, na wapinzani wake wakavumisha kwamba wageni wa bei rahisi wanaletwa kushika kazi za watakaopelekwa. Meli ya Wamalta ikaonekana ndiyo ushahidi.

Serikali ikatumia chombo chake cha siku nyingi, sheria ya 1901 ya kuzuia wahamiaji: afisa anamsomea mgeni maneno hamsini, mgeni ayaandike, akikosea haingii. Na lugha anachagua afisa, mradi iwe ya Ulaya. Wale wa Gange walisomewa Kiholanzi. Kiholanzi, mwanangu! Wote 214 wakashindwa, kama ilivyopangwa. Wakapelekwa Nouvelle-Calédonie, kisiwa cha Wafaransa, wakakaa huko miezi, wakarudishwa Sydney wakafungiwa ndani ya meli kuukuu bandarini, na hawakuruhusiwa kushuka mpaka 1917. Kwao wakabaki wanaitwa "it-tfal ta' Billy Hughes", watoto wa Billy Hughes. Ndiyo utani wa watu waliokwisha kuonewa.

Mtu aliyekuwa karibu nami alininong'oneza kwamba nyumbani mwao kisa hiki hakikuwahi kusimuliwa. Haya, wakakifukia. Waliokuja baada ya mkataba wa 1948 wa Malta na Australia, waliosaidiwa nauli, wengi walifika bila kujua kwamba wenzao waliwahi kukataliwa mlangoni. Mimi nilipofika huku na kupewa fomu ile ya kurasa nisizoweza kuhesabu, nilidhani ni sisi tu.

Hesabu zenyewe zitazame. Sensa ya 1947 ilikuta waliozaliwa Malta ni 3,000 na ushei Australia nzima. Ya 1971 walikuwa wamepita 50,000. Nusu ya St Albans yetu hii, ukiwasikiliza wenyewe wanavyojisifu, ilijengwa na mikono yao. Ya 2021 wamebaki kama 35,000, na hao ni wazee. Wajukuu ni wengi, ila mjukuu anajua pastizzi, hizo sambusa zao, za njegere kwenye friza ya dukani na neno la matusi moja au mawili. Kwa hiyo wanaharakisha.

Na haraka yao ndiyo somo langu. Baada ya chai kuna mama mmoja hufungua boksi la viatu limejaa picha. Nilikaa naye. Kwanza ananawa mikono na kuikausha vizuri. Picha anaishika kingoni, anailaza kifudifudi juu ya kioo, anaandika mgongoni kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi kama anayepaka wanja. Kalamu ya wino hataki kuisikia. Inavuja upande wa pili na baada ya miaka inatokeza kwenye uso wa mtu. Zile picha mpya zinazong'aa hazishiki penseli, basi anaziweka kwenye bahasha na kuandika bahasha kabla ya kutumbukiza.

Halafu nikaona anachoandika. Jina, mwaka, mahali, jina la meli. Na chini yake neno jingine. Nikamuuliza hilo nini. "Laqam," akasema. Mwanangu, ni lakabu! Maana vijijini kwao majina ni yaleyale, Joseph wa Borg wako kumi na wawili, na bila lakabu ya ukoo hujui ni Joseph yupi: wa muuza mbuzi au wa yule aliyeanguka kisimani. Mtoto akipata jina kwenye orodha ya abiria ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, anapata Joseph Borg tu. Lakabu iko kichwani kwa shangazi, na shangazi ana miaka 88.

Nilikwenda nyumbani usiku ule nikatoa albamu yetu. Si unaijua, ile ya jalada jekundu. Picha sitini na moja. Waliokuwa na majina mgongoni: nne.

Sasa nirudi kwenye swali lako, maana najua unasubiri. Yetu tulijaribu kuiandika, ulikuwa sekondari wakati ule. Tulianza na katiba. Miezi saba ya katiba. Ikafuata nembo, jahazi au mnazi, watu wakanuniana. Zikaja fulana. Ukafika uchaguzi wa mweka hazina, na baada ya mweka hazina hakuna aliyetaka kusikia tena habari za chama. Katika miaka miwili hatukurekodi mzee hata mmoja, na wawili tuliwazika. Sikulaumu mtu, na mimi fulana ninayo, nadekia.

Wala usidhani Wamalta hawagombani. Wana vyama vingi kuliko siku za juma, na kule kwao kijiji kimoja kinaweza kuwa na bendi mbili za matarumbeta zinazochukiana tangu enzi za mababu, kama Black Star na Lucky Star pale Tanga walivyokuwa wakirushiana vijembe vya taarabu. Tofauti niliyoiona ni kwamba wakigombana kwenye mkutano, boksi la viatu linabaki pale pale mezani.

Kwa hiyo naiandika mimi. Sina chama. Nina penseli 2B, simu ya kurekodia, na Jumamosi mbili kwa mwezi. Nimeshakaa na Bi mmoja wa Lamu anayeishi Sunshine North na mzee wa Kikongo wa Uvira, msemaji mzuri wa Kiswahili kuliko mimi. Simuulizi mtu "nieleze maisha yako". Ukiuliza hivyo anakuhubiria. Wale Wamalta wamenifundisha uanze na sanduku: ulipotoka ulibeba nini, nani alilifunga kamba. Yule Bi wa Lamu alianza na mbuzi ya kukunia nazi iliyozuiliwa uwanja wa ndege, akamaliza saa tatu baadaye na kifo cha dada yake, ambacho watoto wake hawakijui.

Nimekuwekea picha ndani ya barua hii. Ni nakala, ya asili siitoi nyumbani. Ni bandarini Tanga, nyuma yao kuna marobota ya mkonge. Wa katikati ni babu yako, aliyechuchumaa ni mjomba wake Hamisi. Yule wa kushoto mwenye kofia ya vito, anayecheka huku amefumba jicho moja, simjui. Nakumbuka alikuwa anakuja nyumbani Barabara ya 8 na alikuwa akiniletea halua, na babu yako alimwita kwa lakabu, si kwa jina. Inaanzia na "Ki-". Siku nne sasa naitafuta kichwani.

Shangazi yako wa Chumbageni anaweza kuwa anajua. Mimi akiniona napiga anajua nataka kuongelea kiwanja, hapokei. Wewe anakupenda. Mpigie Jumapili, kwao ikiwa baada ya Alasiri, kabla hajalala maana siku hizi analala mapema. Mwonyeshe picha kwanza kwa simu, umuache atazame, usimwambie nadhani nini. Na urekodi, hata kama atasema hakumbuki.

Mama yako