Mhudumu wa afya ya jamii na presha ya mama

Dada, umeuliza kwa nini mama mwenye presha atembelewe na mhudumu wa afya ya jamii badala ya kwenda moja kwa moja kwa daktari. Si badala, wanashirikiana. Kenya ilizindua wahudumu takriban 100,000 mwaka 2023, na mkobani wana mashine ya presha, kipima sukari, mizani. Mmoja hushika nyumba kama 100, kwa hiyo anajua nani kaacha dawa na kwa nini. Akikuta presha imepanda, mfano 170/100, anampa mama rufaa ya kituo cha afya, tabibu aangalie dozi. Tatizo langu ni dawa: zikikosekana zahanati, timu nzima inabaki kutazamana. Na muulizeni mama mwenyewe kliniki imfae siku gani, msimpangie tu.