Shela inatoka kama karatasi tupu

SWALI: Kaka, mimi napigaka foto za ndoa hapa Goma, watu wanapendaka kusimama mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Kwenye ordinatere foto iko safi, nikiipeleka labo shela inatoka nyeupe tupu, hakuna hata ua moja linaonekana, na koti ya bwana arusi ni giza tu. Wenye programu kubwa wanaona grafu ya mwanga, mimi niko na Paint peke yake. Nitapima namna gani? (Mpiga foto, Birere)

JIBU: Pole ndugu, lakini usianze kugombana na watu wa labo, macho yako ndiyo ya kwanza kukudanganya, juu kitambaa cha kijivu ukikiweka kando ya jiwe jeusi kinaonekana cheupe kuliko kilivyo, na bado sijasema ile skrini umepandisha mwanga mpaka mwisho sababu unafanyia kazi mlangoni mchana (tunafanyaka wote).

Paint inatosha. Shika ile pipeti (kifaa cha Paint cha kuchota rangi ya fasi unagonga), gonga kwenye shela, halafu fungua dirisha la kubadili rangi. Kuna namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja inaanza 0 inaishia 255. Zote tatu zikiwa 255, pale hakuna kitu tena, ile lesi haimo kwenye foto na hakuna programu ya kuirudisha, hata ya makuta mingi. Ukisoma 240 hivi, bado uzi uko. Ila Paint ya zamani iko na kisanduku kingine kimeandikwa Lum (ni mwanga), hicho usikisome, chenyewe kinaishia 240, kwa hiyo 240 yake ndiyo nyeupe tupu! Kilinidanganya miezi mizima.

Tena usigonge mara moja ukaamini. Foto ya JPEG ukiivuta karibu ni vinukta vinukta, kimoja 231, jirani yake 247. Gonga fasi tano za kitambaa kilekile, jumlisha, gawanya kwa tano.

Uso una hesabu kidogo, juu namba zake tatu hazilingani na wewe unataka moja tu ya mwanga: nyekundu mara 0.30, kijani mara 0.59, bluu mara 0.11, jumlisha. Uso wa 141, 94, 70 unatoka kama 105.

Sasa labo yenyewe. Chora visanduku vimeshikana, mstari wa kwanza 0, 10, 20, 30, 40, wa pili 235, 240, 245, 250, 255, namba ileile kwa rangi zote tatu, wakutolee kwenye karatasi ileile unatumiaka kwa ndoa. Iangalie nje kwenye jua, ona kisanduku gani kinapotelea ndani ya jirani yake. Kama 0 na 20 hazitofautiani, basi koti yenye 15 itatoka tope, ipandishe kabla ya kupeleka. Na siku wakibadili karatasi ao wino, hivyo visanduku unavitoa upya.