Mionzi mara 20 au mara 37: tuifuate simu?

SWALI: Assalaam alaykum Bibi Muuguzi. Baba yetu ana miaka 71, kagundulika na saratani ya tezi dume ambayo bado haijatoka nje ya tezi. Daktari huko Dar es Salaam katwambia mionzi inaweza kuwa mara 20 kwa wiki nne, au mara 37 kwa wiki saba na nusu, tukafikiri kisha tumrejeshee jibu. Mdogo wangu akaiuliza akili mnemba kwenye simu. Ikajibu kwa Kiswahili kizuri kwamba mara 37 ni salama zaidi, ikataja na tiba ya protoni, yaani mionzi ya aina nyingine inayotumia chembe ndogo sana. Sasa nyumba imegawika. Mzee mwenyewe anauliza jambo moja tu: atafunga Ramadhani? Tuifuate simu? – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mpe mzee pole yangu. Na huyo mdogo wako msimlaumu, kwani bora aliyeuliza kuliko wale wanaokaa barazani wakisubiri mtu wa kuwaamulia.

Lakini hilo la "salama zaidi" silikubali. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaoitwa CHHiP, wanaume zaidi ya 3,200 wenye saratani kama ya baba yako, matokeo yakatoka 2016. Waliopata mara 20 walipewa dozi kubwa kidogo kila siku, jumla grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi). Wa mara 37 jumla grei 74. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa haujarudi kwa kiasi cha 9 katika kila 10, pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye usumbufu wa mkojo na choo: kwa wa mara 20 ulifika kileleni mapema, wiki ya nne au ya tano tangu kuanza mionzi, kwa wengine wiki ya saba au ya nane. Ilipofika wiki ya 18 walikuwa sawa.

Protoni nayo Tanzania haipo. Simu haikudanganya kuwa tiba hiyo ipo duniani, ila imewatia tamaa ya kitu msichokifikia. Mwaka 2023 watafiti wa Boston waliijaribu ChatGPT, akili mnemba kama hiyo ya simu, ile ya wakati huo, kwa maswali 104 ya tiba ya saratani. Kiasi cha theluthi moja ya majibu kilikuwa na walau tiba moja isiyolingana na mwongozo wa madaktari, nayo imechanganywa humo humo na zilizo sahihi. Programu za sasa zimebadilika, lakini mtu wa nyumbani bado hana njia ya kutenganisha pumba na mchele.

Na je, mdogo wako aliiambia nini? Aliandika PSA ya mzee, kile kipimo cha damu cha tezi dume? Alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, ya kile kinyama kilichokatwa kwenye tezi kikapimwa? Usiku anaamka kukojoa mara ngapi, na mkojo unatoka sawasawa au unakatikakatika? Kama tayari anahangaika na mkojo, daktari atalipima sana hilo kabla ya kuongeza dozi ya siku. Mwambieni wazi. Wazee wetu huona haya kulisema mbele ya watoto, basi tokeni nje mumwache na daktari.

Sasa Ramadhani, na hapa mzee kauliza swali la maana kuliko nyote. Kila siku ya mionzi hutakiwa ajisaidie haja kubwa, kisha anywe maji asubiri kibofu kijae. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo juu, ukakaa mbali na njia ya mionzi. Nilipokuwa kazini alikuja mzee mmoja, midomo imemkauka, anaapa kanywa maji. Picha ya kabla ya tiba ikaonyesha kibofu kimenywea. Akateremshwa mezani, akapewa chupa ya maji, akalia. Alikuwa kafunga kwa siri.

Kwa hiyo siku za mionzi asifunge. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa baadaye akiwa mzima. Mkiweza kuanza mwanzo wa Shaaban, mara 20 zinaweza kumalizika kabla ya mwezi kuandama, lakini hesabuni vizuri: ile wiki ya tano ya usumbufu itaangukia ndani ya Ramadhani. Mara 37 zitaingia mwezini moja kwa moja. Na nani atakaa naye Dar wiki saba na nusu? Boti ya kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, si safari ya kurudia kila Ijumaa.

Mimi, kama daktari haoni kizuizi, ningeelemea mara 20. Simu itumieni kwa kazi inayoiweza: iwaandikie maswali ya kumpelekea daktari. Ongezeni hili, maana hamkulitaja: je, mzee atahitaji sindano za homoni, za kupunguza homoni ya kiume inayoilisha saratani, pamoja na mionzi, na kwa miezi mingapi? Yapo maspitali ughaibuni ambako akili mnemba husoma picha za kinyama chenyewe ili kukisia nani sindano hizo zitamfaa. Hiyo imefunzwa kwa kazi hiyo tu na kupimwa kwa wagonjwa wa tafiti za zamani. Msiichanganye na ile ya kwenye simu.

Na vyeti vya mzee msivipige picha mkavituma humo vikiwa na jina lake na namba ya faili. Andikeni vipimo tu.